Fundi wa Kawangware na feni ya prosesa yangu

Huyu fundi wangu wa kompyuta asinisalimie tena.

Tangu aniundie desktop, inajizima kila nikiedit video ya harusi. Leo nimeibeba kutoka kwangu Olympic hadi kwake Kawangware.

Hata hajaifungua, ananiambia, "Boss, feni ya prosesa ni ndogo. Nunua kubwa."

Nikakataa. Fungua kwanza.

Akang'oa feni. Chini yake, pale inafaa kugusa prosesa, bado kulikuwa na plastiki ya dukani, ile ya kubandua kabla ya kufunga! Ndiyo ilikuwa inazuia joto kutoka.

"Si ni wewe uliifunga?" nikamuuliza.

Akanijibu, "Lakini hiyo kubwa bado ni poa."

Aki huyu mtu!

Nimebandua plastiki mwenyewe. Video imeisha bila kompyuta kujizima.

Lakini bibi harusi, aliyenilipa akachoka kungoja video, ashaniita mwizi kwa ukoo wake wote. Nimpeleke fundi kwao akajieleze, ama?