Ua Lisilochanua

Saa moja na dakika ishirini asubuhi niliona jani jipya la mmea wetu wa mapambo limefunguka likiwa na mabaka meupe. Marehemu mke wangu aliupanda mmea huo chini ya mwarobaini, hapa mtaani kwetu Area D. Kivuli kilipozidi, majani yakawa ya kijani kitupu, bila mabaka, nikapunguza matawi ya mwarobaini ili jua la asubuhi lipenye.

Jirani yangu, muuza miche, akachungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo, baba. Ua gani hilo lisilochanua?"

"Marahaba. Majani ndiyo maua yake." Hivyo ndivyo mke wangu alivyokuwa akinijibu nilipomtania.

"Basi niuzie, kabla halijakuzeekea!"

Niligeuka kutazama mlango wa jikoni, kana kwamba mke wangu angetoka kuliona jani jipya. Kisha nikakataa shilingi elfu ishirini na tano alizokuwa akinipa jirani.