Kimea cha Posa Yangu

Wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja, baba yangu aliuliza swali moja tu: kimea kitatoka wapi? Hakuuliza mchumba wangu ni mtu wa namna gani, wala kama nimeridhika naye. Aliuliza kimea, akaenda kukaa kibarazani akinung'unika jinsi vitu vilivyopanda bei.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili mjini Kakamega, na kwetu palikuwa mwendo mfupi nje ya mji. Baba alikuwa amerudi karibuni kutoka Lugari, alikofanya kazi ya upishi kwenye shamba la Mzungu tangu sijazaliwa. Shamba lilipokatwa vipande na kugawiwa watu, Mzungu alifunga virago, na baba akarudi kwa mama akiwa na sanduku la bati, koti kuukuu la tajiri wake, na tabia ya kuamrisha jikoni. Mama aliyeendesha boma lile peke yake miaka yote hiyo alimvumilia kama unavyomvumilia mgeni asiyesema ataondoka lini.

Kwetu siku hizo wakwe hawakupokelewa kwa chai. Walipokelewa kwa kuku na kwa mtungi wa busaa katikati ya nyumba, wazee wameuzunguka na mirija yao mirefu. Mama alikuwa bingwa wa busaa. Unga wa mahindi aliukanda na kuuacha uchachuke, akaukaanga juu ya bati mpaka uwe na rangi ya udongo, kisha akautia maji na kimea. Kimea ni nafaka iliyolowekwa ikaota, ikaanikwa juani, ikasagwa. Bila hicho huna pombe, una uji mchachu. Mahindi tulikuwa nayo ghalani. Kilichotutoa jasho ni kimea, maana mama alishikilia kwamba kimea ni cha wimbi, yaani ulezi, na mwaka huo mvua ilikuwa imewatupa mkono wakulima na wimbi ulikuwa umeadimika.

Kwa desturi, binti anayeposwa hutulia ndani, akajipaka mafuta na kungoja. Mimi nilitumwa Khwisero sokoni.

Nilipanda basi la asubuhi Jumamosi, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Wanawake wachache walikuwa na wimbi, na kila mmoja aliutaja kwa bei ambayo nilidhani nimesikia vibaya. Mmoja wao alinipimia kwenye kopo. Nilipotia mkono ndani nikatoa kiganja cha wimbi na changarawe nusu kwa nusu.

"Mama, hii ni mchanga," nikamwambia.

"Mchanga inakuja yenyewe," akajibu bila haya. "Wewe ukifika nyumbani, pepeta."

"Nilipe bei ya wimbi nikapepete mchanga?"

"Basi nenda ununue kwa wenye hawana mchanga. Kama utawaona."

Sikuwaona. Nilirudi mikono mitupu, na baba alipoisikia habari hiyo alifurahi kama aliyeshinda kesi.

"Nilisema! Wimbi ni kiburi tu. Tutafute kitu cha bei ya chini."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza hasa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja kusaidia. Kusaidia kwake kulikuwa kukaa kwenye kigoda karibu na meko na kupinga kila lililosemwa. Mama akisema labda tuchanganye mtama, shangazi anasema mtama unafanya pombe iwe chungu na ni mambo ya watu wa ziwani. Baba akisema mahindi yenyewe yanaweza kuoteshwa yakawa kimea, shangazi anacheka mpaka anakohoa. "Kimea cha mahindi! Muwape wakwe maji matamu, waseme binti yetu ametoka kwa maskini." Nikisema basi tununue wimbi, hata kidogo, baba anainuka na kuondoka. Jioni tatu mfululizo nilirudi kutoka shuleni na daftari za watoto kwapani nikakuta ni maneno yaleyale, kila mmoja amekaa palepale, hata moshi wa jikoni naona ulikuwa uleule.

Siku moja baba akaondoka asubuhi bila kuaga. Alirudi siku ya pili, amebebewa gunia kwa baiskeli, uso umechangamka kama wa kijana. Alilitua uani, akatuita sote.

"Shayiri," akasema. "Hii ndiyo ile Mzungu alikuwa anatengenezewanga bia ya chupa. Imebaki ghalani kule Lugari, wanaiuza bei ya kutupa. Wakwe watakunywa kitu hawajawahi kunywa."

Mama alifungua gunia, akachota. Punje zilikuwa na rangi ya waridi, kama zimepakwa unga wa rangi.

"Mbona nyekundu?"

"Hiyo ni rangi yake. Ya daraja la kwanza."

"Shayiri ni nyekundu?"

"Mama watoto, mimi nimekaa na Mzungu miaka mingapi? Wewe umeona shayiri wapi?"

Mama hakuwa ameiona popote, nami pia. Shangazi, aliyepinga wimbi, mtama na mahindi, aliinusa shayiri ile akatamka kwamba hiyo sasa ni nafaka. Nilitamani kulia. Walikubaliana kwa mara ya kwanza, na walikubaliana juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekijua.

Mama akailoweka, lakini kwa shingo upande. Maji yakageuka mekundu, na alipoyamwaga chini ya migomba yalikwenda na punje zilizoelea. Kuku wetu wakakimbilia pale kama kawaida yao, na jogoo akiwatangulia. Jogoo huyo mama alikuwa amemlisha kwa mkono wake miezi mingi, na kila aliyepita alijua kwamba ni wa wakwe.

Kesho yake nilikuwa najitayarisha kwenda shuleni niliposikia mama akiita. Kuku walikuwa wamelala huku na huku chini ya migomba. Wawili walikuwa bado wanatikisa mabawa. Jogoo alikuwa amekauka, miguu juu.

Baba alikuja akawatazama. "Ni ule ugonjwa wa kuku. Umefika huku."

"Ugonjwa umefika jana hiyohiyo tumemwaga maji yako?" mama akauliza.

"Ugonjwa hautoi taarifa."

Shangazi kwa upande wake alishauri tuchemshe maji upesi, tuwanyonyoe kabla nyama haijaharibika, maana ingokho ni ingokho, kuku ni kuku. Hapo mama alipoteza subira ambayo nilidhani haina mwisho. Alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo, akawafukia kuku wote bila kumtazama mtu. Alipomaliza akaniambia, "Usiende shule leo. Chukua hiyo shayiri kidogo, umpelekee yule mtu wako Bukura. Yeye anasomea mambo ya mbegu."

Nikafunga konzi moja kwenye karatasi, nikaenda Bukura. Mchumba wangu alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kilimo, na sikuwa nimewahi kumfuata huko. Nilimkuta kwenye shamba la chuo na wenzake, nikaona haya kumwita, lakini hasira zilishinda haya. Nilimpa karatasi. Aliifungua, na badala ya kunisalimu akanishika kifundo cha mkono.

"Umekula hii? Kuna mtu amekula?"

"Kuku."

"Wamekufa?"

"Wote."

Akakunja karatasi, akaniongoza hadi kwenye bomba akanifanya ninawe mikono kwa sabuni, tena na tena. Akanieleza kwamba ile si nafaka ya kula. Ni mbegu ya kupanda, iliyopakwa dawa ya kuua wadudu, na rangi ile imewekwa makusudi ili mtu asije akaila. Kuiosha hakusaidii. Pombe ya kimea kile ingeweza kuwaua watu.

Nilisimama pale maji yakinitiririka kwenye viwiko. Niliwaona wazee wa kwao wameinamia mtungi wetu, na baba yangu kati yao, na mrija wake mdomoni. Sijui kama nilikuwa naogopa au nimekasirika. Nilimwambia, "Njoo umwambie wewe. Mimi hatanisikia."

"Siwezi kuingia kwenu kabla ya wazee wangu. Unajua."

Nilijua. Kila mtu alikuwa na desturi iliyomzuia isipokuwa mimi.

"Wanakuja wiki ijayo," nikasema. "Hatuna kimea, hatuna jogoo."

Akafikiri kidogo. "Nitawaambia nina mtihani. Wasogeze mbele wiki mbili."

Na alifanya hivyo. Baadaye nikasikia sokoni kwamba nimemkataa, na kwamba nimemkubali dereva wa lori.

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba peke yake kibarazani. Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nilivyotarajia: "Huyo kijana hajaoa bado, ameshaanza kunifundisha?"

"Baba, ni dawa. Huko Lugari, wakati wa kupanda, hamkuona watu wakiishika?"

Akafungua mdomo kunijibu, akaufunga. Niliona uso wake ukibadilika. "Walikuwa wanafungwanga vitambaa mdomoni," akasema polepole. "Wale wa kupanda. Mimi nilikuwa jikoni. Nilidhani ni kwa sababu ya vumbi."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima kutoka Bukura, lakini alipoanza kusema tena sauti yake haikuwa ile ya kuamrisha.

"Kila jioni nilikuwa nampelekea bia yake kwenye sinia. Namwagia kwenye glasi, polepole, povu lisizidi. Miaka yote. Hata siku moja hakuniambia, onja. Na mimi sikuiba, maana chupa zilihesabiwa. Nilisema siku ya kumtoa binti yangu, nitakunywa kama ile. Mbele ya watu."

Nilikaa kando yake kwenye ukuta wa kibaraza. Bado nilikuwa na hasira naye. Alikuwa ameua kuku wetu kwa ubahili na majivuno, na nusura atuue na sisi. Lakini nilikuwa sijawahi kumfikiria akiwa amesimama na sinia. Mwishowe aliinuka, akachukua jembe, akaenda kuchimba shimo la pili, refu kuliko lile la mama. Alilifukia gunia zima, na mtungi uliolowekewa akauvunja akautupa humohumo. Mama alimtazama kutoka mlangoni mwa jiko.

Bado hatukuwa na kimea. Sasa mama hakumwuliza mtu. Alichagua mahindi yetu wenyewe kutoka ghalani, yaliyo mazima, akayaloweka, akayafunika kwa majani ya migomba na gunia lenye unyevu mpaka yakatoa mizizi myeupe. Shangazi alipofungua mdomo, mama alimwambia, "Wifi, kama una wimbi, lete. Kama huna, nisaidie kuchambua." Shangazi akaondoka kwa hasira. Tulidhani amekwenda moja kwa moja, lakini alirudi kesho yake na kibuyu cha wimbi wa mbegu, usiotiwa dawa, aliokuwa ameuhifadhi juu ya dari yake wakati wote ule tulipokuwa tukizozana. Wakati wote! Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Hakuna mtu aliniuliza," akajibu.

Wimbi ule ukaoteshwa, ukasagwa pamoja na mahindi, kibuyu kimoja kwa debe. Busaa iliyotoka ilikuwa nyepesi kuliko ya mama ya siku zote na tamu kidogo mwishoni, lakini ilichemka vizuri mtungini na harufu yake ilikuwa ya kweli. Jogoo tuliazima kwa jirani, ikiwa jogoo wa kuliwa anaweza kuazimwa.

Siku yenyewe niliwekwa chumba cha ndani na shangazi akilinda mlango. Niliwasikia wakwe wakiingia, wakisalimu, wakivutiwa viti. Kisha kimya kile cha wazee wanaovuta mirija mara ya kwanza. Nilibana pumzi. Mzee mmoja akasema pombe ni nzuri ila haina miguu, haina nguvu. Mwingine akamjibu kwamba yeye mwenyewe hana miguu siku hizi, na ndiyo maana inamfaa. Wakacheka. Halafu mtu akauliza, na nilijua swali hilo litakuja tu, kimea hiki ni cha nini.

Nikamsikia baba akijisafisha koo.

"Hiki ni mchanganyiko wangu," akasema. "Watu wanapoteza pesa bure kwa wimbi. Ukitumia mahindi yako mwenyewe, na wimbi kidogo tu ya kuamsha, unapata kitu safi. Nilifanya utafiti. Hata shayiri niliiangalia. Nikaona haifai."

Nilisimama. Shangazi akanivuta gauni. "Kaa chini, bibi harusi hatoki."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia. Kaa."

Nikakaa, meno yameng'ata kanga. Nje, mama alikuwa anapita na kata ya maji ya moto ya kuongeza mtungini, na nilimwona kwa upenyo wa mlango akisimama nyuma ya kiti cha baba. Nilidhani atamwaibisha mbele ya wakwe. Badala yake akainama, akaongeza maji, akachukua mrija uliokuwa haujashikwa na mtu akampa baba mkononi.

"Kunywa nawe," akamwambia. "Umesema sana."

Baba akanywa. Mimi nikaolewa mwaka huo.