Ujumbe Umetumwa

Kazini walimwita Bwana Kijani, na mwenyewe alidhani ni sifa. Ukutani pa ofisi yao palikuwa na skrini kubwa iliyoonyesha kumbukumbu za mitambo, mstari baada ya mstari. Jambo likienda vizuri, mstari ulitoka wa kijani. Likiharibika, ulitoka mwekundu. Mstari mwekundu ulimtoa jasho. Si kwamba alijali kilichoharibika, hata kidogo. Alichoogopa ni mkurugenzi kuuona.

Huyu ndiye aliyeandika maktaba yao ya kutuma ujumbe wa simu. Maktaba, kwa watu wa kompyuta, ni msimbo ulioandikwa mara moja ili kila mwenye haja auchomeke kwenye programu yake, asihangaike kuandika upya. Hospitali ziliichomeka, benki zikaichomeka, vyuo vikaichomeka. Miezi ya mwanzo maktaba ilisema kweli: ujumbe ukikwama, iliandika kuwa haukutoka, na sababu yake. Halafu siku moja walikuja wageni waliotaka kuwa wateja, skrini ikajaa mistari myekundu mbele yao, na mkurugenzi akamvuta Bwana Kijani pembeni. Mtu mwenye akili zake angetafuta kwa nini ujumbe hautoki. Yeye alibadilisha mahali pamoja tu. Tangu hapo maktaba iliandika "ujumbe umetumwa" kabla hata ya kujaribu kuutuma, na hitilafu yoyote iliyofuata ikamezwa kimya kimya. Kazi hiyo aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mwisho wa mwezi alipewa cheti cha mfanyakazi bora, akakitundika sebuleni kwake juu ya televisheni.

Aliyemwambia ukweli ni mmoja tu, mama wa makamo aliyekaa meza ya pili, kazi yake kujaribu programu kabla hazijamfikia mteja. Alimwambia hizo si kumbukumbu, ni salamu: ukiziuliza habari zitajibu nzuri tu, hata nyumba ikiwa inaungua. Bwana Kijani alimjibu kwamba hajui wateja wanataka nini.

Wala tusiisingizie kompyuta, maana ndivyo alivyokuwa tangu zamani. Bomba la jikoni kwake lilivuja ndani ya ukuta, ukuta ukaota ukungu. Aliupaka rangi mara tatu na kujisifu mbele ya mkewe kila mara. Bomba mpaka leo hajaligusa.

Basi binti yake aliomba nafasi chuo cha uuguzi. Ndicho kitu pekee alichokitaka tangu alipomuuguza bibi yake mpaka mwisho. Chuo kilisema kitatuma majibu kwa ujumbe wa simu, na aliyechaguliwa athibitishe ndani ya siku saba. Mwezi mzima binti aliishi na simu mkononi. Hata akioga, aliiweka kwenye dirisha la bafu. Kimya. Mwishowe alikwenda chuoni mwenyewe, na karani akamfungulia orodha. Alikuwa amechaguliwa, jina la kumi na moja. Ujumbe, alimwambia, ulitumwa tarehe nne, na yeye hakuthibitisha.

Karani alikuwa mtu wa huruma. Alimweleza kwamba nafasi yake haijapewa mtu bado. Kampuni inayowatumia ujumbe ikiandika barua kukiri kwamba ule wake haukutoka, atarudishiwa nafasi, mradi barua ifike kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kampuni yenyewe ndiyo aliyofanyia kazi babake, kwa hiyo binti alirudi nyumbani anacheka.

"Ni barua moja tu, baba," alimwambia. "Na mitambo hiyo unaijua wewe."

Jumatano asubuhi Bwana Kijani alitafuta namba ya mwanawe kwenye kumbukumbu. Aliikuta, kijani kibichi: tarehe nne asubuhi, ujumbe umetumwa. Aliutazama sana mstari ule, akijua fika kuwa hauna maana yoyote, kwa sababu aliuandika yeye. Mama wa meza ya pili, aliyekwisha kusikia habari za binti, akamsogelea. Alikuwa ameshauliza kampuni ya simu, na jibu lao lilikuwa wazi: tarehe nne, asubuhi yote, hawakupokea kutoka kwao hata ujumbe mmoja.

"Andika barua," alimwambia taratibu. "Mtoto ni wako."

Barua ilihitaji sahihi ya mkuu wa mitambo, na mkuu wa mitambo ni yeye. Lakini kuandika kwamba ujumbe mmoja haukutoka ni kukubali kwamba kijani chote cha miaka mitatu kilikuwa rangi tu, kama ule ukuta wa jikoni. Akapima, cheti huku, mtoto huku. Mzazi gani anahitaji kupima hapo? Alhamisi yote alijifanya ana mikutano. Yule mama alikwenda mpaka kwa mkurugenzi, naye akamwambia mambo ya mitambo akazungumze na Bwana Kijani.

Ijumaa alifika nyumbani saa kumi na moja. Binti alikuwa amekaa sebuleni, viatu vya kutokea miguuni, bahasha yenye vyeti vyake vya shule mapajani, kama vile ofisi ya chuo bado iko wazi. Bwana Kijani akaketi chini ya cheti chake na kulainisha sauti.

"Nimekagua mwenyewe, mama. Kumbukumbu zinasema ulitumwa."

Binti aliinamisha kichwa, akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya bahasha.

"Basi labda niliufuta bila kuona," alisema. "Nisamehe, baba. Nimewaangusha."

Na Bwana Kijani akamsamehe. Alimwekea mkono begani, akamwambia hayo ni mambo ya kawaida, ila mwakani awe makini zaidi na simu yake.