Binti Yangu Anataka Baba Yake Abatizwe, na Baba Yake Tulishamzika

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, kwa sababu hapa Karurumo tunajuana mpaka mbuzi. Mimi ni mama wa miaka 53, mjane, fundi wa kushona nguo. Nina mtoto mmoja tu, msichana wa miaka 21, nitamwita Wanja. Kabla sijafika mbali niseme wazi: mimi sina dini. Sidharau ya mtu, lakini siendi kanisa, na mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu wa sekondari. Alipoacha kanisa la wazazi wake watu walisema ni hasira, itapita. Haikupita. Alikuwa ananiambia, "Mimi nikifa usiniletee mhubiri." Akaniapisha, si mara moja.

Majirani wetu, wa juu na wa chini, ni Wamormoni. Ni watu wazuri jamani, nisiseme uongo. Hawanywi chai ya majani wala kahawa, na hapa kwetu mgeni akikataa chai unabaki umesimama hujui umfanyie nini. Kahawa wanalima, wanachuna, wanapeleka fakitori, lakini ladha yake hawaijui. Mume wangu alikuwa anawatania juu ya hiyo pale kwa ua, nao wanacheka. Mimi nilizoea, wakija nachemsha maziwa.

Mwalimu alipofariki, miaka minne iliyopita, nilitimiza neno lake. Ndugu zake waliwaka. Shemeji yangu mkubwa akasema mbele ya watu wote, "Huyu mama anamzika ndugu yetu kama mbwa." Wengi walibaki kule barabarani wakitazama. Niliona hata wa kubeba jeneza sitapata. Ni hao Wamormoni walioingia na majembe yao, wakachimba, wakabeba, wakateremsha. Hakuna aliyehubiri hata neno moja. Mama Njeru, jirani wa juu, akawa ananiletea chakula karibu wiki mbili, anaweka mezani, anaosha vyombo, anaenda.

Wanja alikuwa na miaka 17. Mimi wakati huo nilikuwa nakaa tu kwa cherehani bila kushona chochote, na nyumba ilikuwa kimya vibaya. Akaanza kwenda kukaa na wasichana wa Mama Njeru, halafu akaanza kwenda nao kanisani. Alipofika 18 akabatizwa. Nilienda, nikakaa nyuma. Alitoka kwa maji anacheka, na tangu tuzike nilikuwa sijaona meno yake. Ningesema nini?

Sasa mwezi uliopita nikiwa nachambua maharagwe akaja akakaa karibu na mimi.

"Mami, nataka kukuomba kitu, na usikasirike."

Akanieleza kwamba wao wana hekalu Nairobi, na mtu aliye hai anaweza kubatizwa humo kwa niaba ya mtu aliyekufa. Anataka baba yake afanyiwe hivyo. Lakini kwa sababu mimi ndiye mke, bila ruhusa yangu haiwezekani.

Nikamwambia, "Baba yako alikataa hayo mambo akiwa na akili zake. Nimpeleke kwa nguvu sasa hawezi kujitetea?"

"Si kwa nguvu, Mami. Huko aliko atachagua mwenyewe, akubali au akatae."

"Wanja, mimi najua aliko. Ni pale nyuma ya migomba."

Ninajuta kusema hivyo. Akauliza polepole kama mtoto mdogo, "Kwa hivyo nikifa sitawaona tena? Wewe na yeye?"

Nilirudi kwa maharagwe. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri, anateka maji, anapika, lakini akimaliza anaingia chumbani. Nasikia analia na kupenga kamasi, nami nimesimama mlangoni siwezi kubisha.

Nilimwendea Mama Njeru nikiwa na moto, nikitaka kugombana. Akanikalisha, akasikiliza yote, akasema, "Mama Wanja, ukisema hapana ni hapana. Hakuna mtu wetu atakuuliza tena, na mimi nitabaki jirani yako." Nilitoka hapo nimechoka kuliko nilivyoingia. Heri angenitukana, ningejua pa kushika.

Na kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Siku tatu kabla Mwalimu hajafa, nilikuwa hospitalini saa ya kuona wagonjwa, mchana. Alifungua macho, akanishika mkono, akaniambia kwa Kiembu, lugha yetu ya nyumbani, "Niombee." Dawa zilikuwa nyingi, kuna saa aliniita kwa jina la mama yake. Nilijiambia ni dawa. Na ukweli mwingine ni kwamba sikujua maombi yanaanzia wapi. Nikamwambia, "Lala, wacha nimwite nesi." Akaniangalia, akageukia ukuta. Hakurudia tena. Mimi nikaenda nikawaambia watu wote kwamba alishikilia msimamo wake mpaka mwisho, hata Wanja nikamwambia hivyo.

Sasa sijui mume wangu ni yupi, yule wa miaka yote au yule wa siku ile moja. Nikikubali, naona nimevunja kiapo. Nikikataa, namuumiza mtoto niliyebaki naye, na labda namkataa baba yake mara ya pili. Nikimwambia Wanja alichosema baba yake, atajua pia kwamba mimi sikumwombea.

Yeye na wenzake wa kanisa wanaenda hekaluni Nairobi Jumamosi ijayo. Wanja hajauliza tena.

Mtakaoniandikia niokoke, nimewasikia miaka mingi, leo nawaomba mniwie radhi. Nataka mtu aliyewahi kuzika mwenzake anijibu kama mtu. Niruhusu, nikatae, niseme, ninyamaze? Nishikeni mkono jamani, mimi peke yangu nimeshindwa.