Anayekataa Kuwakera Wachezaji

Saa nne asubuhi, dada anayeitwa Kinanda mtaani kwao amepiga magoti sakafuni, kinasa sauti mkononi. Anadondosha punje za mahindi kwenye sufuria tupu. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anatandika kitambaa ndani ya sufuria, anadondosha tena.

"Hii sasa ni mvua," anasema.

Kazi yake ni kutengeneza muziki na milio ya gemu za simu. Studio yake ni chumba cha kulala, godoro likiwa limesimamishwa dirishani kuzuia honi.

Kila wimbo hupitia mtihani mmoja: unapigwa mfululizo saa nzima huku mama yake akimenya vitunguu nyuma ya ukuta.

"We mtoto, utoe huo! Unanizunguka kama nzi!" mama anapaza sauti siku tunayowatembelea.

"Mama, ndiyo kwanza dakika ya kumi."

"Basi nzi wako ana nguvu."

Wimbo unafutwa.

Mtihani huo ulizaliwa na kosa. Gemu yake ya kwanza, miaka minne iliyopita, aliiwekea wimbo wa sekunde nane. Aliusikiliza mara tatu, akaridhika. Hakukumbuka kwamba ndani ya gemu ungejirudia bila kukoma. Wachezaji walimporomoshea matusi.

"Mmoja aliandika kwamba anausikia hata akipiga mswaki. Nililia," anasema. "Halafu nikawaza, kumbe naweza kuingia kichwani mwa mtu nisiyemjua, nikakaa humo? Hiyo ni dhamana."

Wiki hii dhamana hiyo imejaribiwa. Kampuni inayompa karibu nusu ya kazi zake inataka mlio wa kuudhi: mchezaji akipumzika, simu ilie mpaka alipie ndipo inyamaze. Amepewa hadi saa sita mchana leo. Akikataa, wanaachana.

"Wanajua naweza. Nikitaka, nitakutoa machozi kwa mlio mmoja," anasema. "Lakini nimchokoze mtu, kisha nimuuzie utulivu wake mwenyewe? Sifanyi."

Mama anaingia akifuta mikono. "Na kodi?"

"Nitafundisha watoto wa jirani kinanda. Tutajibana, mama."

Mama anamsogezea simu. "Basi waandikie. Na usiwaombe radhi, hujawakosea."

Anaandika maneno matatu: "Mlio huo siutengenezi." Jibu linarudi kabla chai haijapoa. Watatafuta mwingine.

"Watafute," anasema. Anaiweka simu kando, anarudi kwenye sufuria.

Sasa yeye na binamu yake, mtaalamu wa kompyuta, wanapanga kutengeneza gemu yao wenyewe. Bado haina jina. Kitu kimoja tu ameshakiamua.

"Kitufe cha kuzima muziki nitakiweka kikubwa, juu kabisa, kila mtu akione," anasema. "Anayetaka kunizima, anizime. Asiyenizima, nitajua amenisikiliza kwa hiari yake."