Dirisha Bila Kadre

Mimi ni fundi wa mbao. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primeri, na shule yenyewe ilikuwa ya matope. Nyumba yangu ya Ngezi, hapa Bunia, iko ya matofali ya kuchoma. Nasema hivyo mapema ili mutu asianze kunifundisha.

Binti yangu mukubwa ndiye alisoma mambo ya ordinateri, ndiyo kompyuta. Alinitengenezea site ya ateliye, ukurasa wa intaneti wa karakana yangu: picha za vitanda, picha za makabati, na mimi nimesimama mbele ya vyote. Shida ilikuwa moja. Kila nilipotaka kuonyesha muteja kabati, nilipaswa kupita kwa intaneti, na humo vijana wa ateliye walikuwa wamefungua mupira, muziki na mahubiri, vyote vimebanana. Nikamwambia binti: nataka site yangu ikae peke yake, iwe na mulango wake, nisipite tena mu nyumba ya watu.

"Inawezekana, papa," akasema. "Tunaifunga kama programu. Unabonyeza picha yake tu, inafunguka yenyewe."

Akafungua dirisha nyeusi lisilo na picha hata moja, akaanza kuandika. Kwanza amri, neno moja tu. Kisha anwani ya site. Kisha akaniuliza naongeza nini. Kumbe nyuma ya ile amri unapanga maneno mengine, kila moja na vistari viwili mbele yake, na kila moja linabadilisha ile programu. Nilielewa kabla hajamaliza kueleza. Muteja akisema "kitanda", bado hajasema kitu. Aseme kitanda na droo, bila kichwa, miguu mifupi, hapo ndipo nachukua randa. Vistari viwili ni "na" na "bila" za ordinateri.

"Upana na urefu?" akauliza.

"Kiyoo chote cha ordinateri."

"Ifunguke moja tu, ao mutu anaweza kufungua mbili?"

"Mimi niko wangapi mu Bunia?"

Akaandika moja.

"Ikae juu ya madirisha mengine siku zote?"

"Mwenye nyumba hakai chini ya wageni."

Akaandika. Kisha akauliza kama tuache kadre, ndiyo ule ukingo wa juu wa dirisha. Hapo alikuwa ameingia mu kazi yangu. Nikamwambia kadre ni ya kufunika maungo mabaya ya mbao, na maungo yangu hayajawahi kunitia haya.

"Toa."

"Papa, ile alama ya kufungia iko kwa kadre."

"Nani atataka kufunga makabati yangu?"

Akatoa.

Haikupita muda, wakwe wakaja kutoka upande wa Mahagi kumuposa huyo huyo binti. Mukubwa wao ni mujomba wa kijana anayeoa. Bila neno lake ndoa haisimami. Lakini alikuwa amevunjika muguu, hakuweza kusafiri, wakaomba aseme kwa video. Nilikubali na sharti moja: mimi sitoi binti kwa sauti. Nione kinywa kikisema.

Binti mwenyewe aliunga ordinateri yangu na televizyo, akamupata mujomba, kofia kichwani na muguu juu ya kiti. Ndipo dada yangu akamupeleka binti chumbani. Kwetu bibi-arusi haonekani wala hasikiki mpaka aitwe. Akiitwa anakuja amefunikwa kitenge tangu kichwa, pamoja na wasichana wengine waliofunikwa vilevile, na wakwe wanapaswa kutambua bibi-arusi wao ni yupi. Wakikosea, wanatoa mbuzi na wanachekwa mpaka jioni. Nilikuwa nimetafuta wasichana wa kimo kimoja naye. Ile mbuzi niliitaka.

Salamu zilikwenda vizuri. Kisha musemaji wao akapapasa kiti alichokalia, akauliza kilitoka wapi. Mutu akiuliza hivyo nyumbani mwangu, namujibu. Nikabonyeza picha ya programu yangu.

Kabati likajaza televizyo yote. Mujomba akapotea. Ilibaki sauti yake.

"Muko munanisikia?" kabati likauliza.

"Tunasikia, muzee."

"Sasa mbona wote munanitazama na macho ya kununua?"

Nikatafuta mahali pa kufungia. Hapakuwa. Nikabonyeza huku, kikaja kitanda. Nikabonyeza kule, kikaja kitanda kingine.

"Hiki iko mbao gani?" musemaji akauliza.

"Libuyu," nikajibu. Hata mu taabu mutu hadanganyi juu ya mbao.

Mutu mwingine akasema tuzime ordinateri, tuanze upya.

"Musizime," mujomba akasema nyuma ya kitanda. "Rezo ya simu inapatikana juu ya kilima tu, na nilibebwa na kiti mpaka hapa. Mukinikata, leo sibebwi tena."

"Basi neno lake lipokelewe hivi hivi," musemaji akasema.

"Nilisema sitoi binti kwa sauti."

"Basi turudi Mahagi?"

Nyuma yangu ukuta wa chumba ukagongwa. Nilijua ni nani, nikajifanya sikusikia. Dada yangu akatoka, akaniinamia sikioni, lakini dada yangu hajui kusema chini.

"Kaka, mutoto anasema ni kazi ya vidole viwili."

"Hajaitwa bado."

"Basi kaa na kabati lako. Ndilo litakuzalia wajukuu."

Nikasema wasichana waletwe wote, wafunikwe vizuri.

Wakaingia na vitenge mpaka kwenye vidole vya miguu, kimo kimoja, mwendo mumoja, kazi safi. Halafu mumoja akaacha mustari, akaja moja kwa moja kwa meza, akanigonga goti, akatoa mikono miwili chini ya kitenge, akabonyeza. Kitanda kikapotea. Mujomba akarudi, kofia imeenda upande, kidole juu.

"Ni huyo," akasema.

"Mujomba, muchezo haujaanza," nikamwambia.

"Weye ulitaka kuona kinywa. Kitazame: tunamutaka huyo mwenye mikono."

Nikakitazama, kilikuwa kinasema kweli. Chini ya kitenge binti yangu alikuwa anacheka mpaka kitambaa kinatikisika. Nikamutoa kwa wakwe. Mbuzi sikupata.

Kabla binti hajaenda kwao kupya nilimufungulisha tena lile dirisha nyeusi.

"Turudishe kadre, papa?"

"Rudisha. Lakini nyembamba, ya kidole kimoja, rangi ya libuyu."

Akasema kwa rangi hakuna neno la vistari viwili. Hiyo ndiyo kasoro ya ile kazi yao. Mimi muteja akitaka rangi, ninapaka.