Spiriti ya Tarumbeta

Mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi alizoea kufuta mdomo wa tarumbeta kwa spiriti, kwa sababu wenzake wawili walilipuliza pia. Safari moja ya kazi alilala na mwanamke asiyemjua, akamridhisha kwa mdomo bila kinga yoyote. Asubuhi alisukutua kwa spiriti ileile, akajiona msafi. Aliporudi nyumbani akalala na mkewe.

Wiki mbili baadaye koo lilianza kumwasha, na roho ikakosa utulivu. Akaenda zahanati, akaeleza yote, hadi ile spiriti.

"Kaka, wewe si tarumbeta," muuguzi alimwambia, akimpitishia pamba kooni kabla ya kumtoa damu. "Kisonono na kaswende haviondoki kwa kusukutua. Huenda huna kitu, lakini hatukisii, tunapima. Vikiwepo, dawa ipo. Na shemeji naye aje."

"Yeye hana kosa, dada."

"Ndiyo maana aje."

Nyumbani alimkuta mkewe akimpigia pasi shati la bendi. Akamweleza yote palepale mlangoni. Mkewe hakupiga kelele. Alichomoa pasi, akaketi.

"Na mimi niliyekuwa nikiwacheka mawifi kwa kupekua simu za waume zao," alisema.

"Kesho twende wote, mke wangu."

"Naenda sasa hivi. Peke yangu."

Akachukua mkoba, akatoka. Mumewe alimfuata hadi kizingitini tu, asijue kama bado ana haki ya kumwambia asiogope.